Nyuzi Mbili Ndani ya Mawese

Kila asubuhi kabla ya chai, Prudence alinawa mikono kwa sabuni, akachukua vichupa viwili vya dawa ya macho, na kuanza na mdogo wake Chris.

"Lala chali. Angalia juu."

"Kuko mujusi kwa bati," Chris alisema.

"Basi angalia mujusi."

Prudence alivuta kope la chini kwa kidole, akaachia tone moja tu. Chris alikunja uso, akatoa ulimi nje.

"Chungu! Inashuka kwa koo! Chungu!"

"Kelele yako ni kubwa kuliko jicho," alisema Koko kutoka kwenye mkeka wake. Koko alikuwa nyanya yao, mwanamke mwembamba aliyebaki na meno manne na maneno mengi. "Njoo sasa kwangu, docta. Mimi silii."

Chris alikuwa na miaka mitano. Wiki moja iliyopita, watu wa Ngezi, mtaa wao wa Bunia, walipokimbilia mashambani kwa sababu ya risasi, jani kavu la muhindi lilimkwaruza jicho la kushoto. Jérôme, muuguzi wa kituo cha afya kilichokuwa upande wa pili wa mji, ndiye aliyempa dawa ya kuua vijidudu. Koko naye alikuwa na dawa nyingine. Mwezi uliotangulia alipasuliwa mtoto wa jicho huko Aru, na daktari alimpa matone ya kutuliza uvimbe. Baba yao alikuwa bado huko Aru na mizigo yake ya biashara. Barabara ilikuwa imefungwa.

Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka 2003, na vita vilikuwa vimeingia mpaka ndani ya mji.

Mama yao, Godelive, alikuwa fundi wa kushona. Zamani aliweza kuweka uzi kwenye sindano huku akizungumza na mteja, bila hata kutazama. Tangu risasi zilipoanza, mikono yake ilitetemeka. Siku ya kwanza alipojaribu kumtilia Chris dawa, tone moja lilianguka kwenye sikio na jingine kwenye shingo. Ndiyo maana kazi ile ilimwangukia Prudence, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na mikono iliyotulia.

Kulikuwa na jambo jingine. Wapiganaji walioingia katika nyumba za watu walitafuta dawa kwanza, kabla ya redio, kabla ya nguo. Kwa hiyo mama alibandua karatasi za vichupa vyote viwili kwa maji ya moto. Kichupa kisicho na jina kinafanana na mafuta ya nywele au gundi, na mwizi hana haja nacho. Kisha akafunga uzi shingoni mwa kila kichupa. Uzi mweupe ulikuwa wa Chris. Uzi mwekundu ulikuwa wa Koko.

"Vichupa vyenyewe ni sawasawa," mama alimwambia. "Uzi ndio jina lake. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na wakija, weye unaficha ndani ya unga. Ndani kabisa."

Walikuja siku ya Jumanne, mchana, jua likiwa kali. Kwanza mbwa wa jirani alibweka, kisha akanyamaza ghafla. Halafu mlango wa nyumba ya tatu ulivunjwa. Mama alimnyakua Chris, akamsukuma Koko chini ya kitanda.

"Prudence! Dawa!"

Prudence alishika vichupa, akakimbilia mlangoni. Pipa la unga wa muhogo lilikuwa katika jiko la nje, hatua kumi kutoka nyumba. Alitazama zile hatua kumi. Risasi ilipiga bati la jirani, ikalia kama sufuria iliyoanguka. Akarudi nyuma. Karibu na mlango palikuwa na chungu cha mawese, mafuta mekundu mazito ya kupikia. Alitumbukiza vichupa vyote viwili ndani. Vilizama bila sauti. Akafuta vidole kwenye sketi, akaingia chini ya kitanda pamoja na wengine.

Waliingia watatu. Kutoka chini ya kitanda Prudence aliona viatu tu. Jozi mbili zilikuwa buti, na mmoja alivaa kandambili za rangi ya buluu kama za mtu anayekwenda kuoga. Kandambili zile zilisimama mbele ya uso wake. Chris alitaka kukohoa. Mama alimfunga mdomo kwa kiganja, na kile kiganja kilitetemeka hata meno ya Chris yakagongana.

Waliondoka na mablanketi, na pipa zima la unga. Mafuta hawakuyagusa.

Jioni ile mama alipojua dawa zilikuwa wapi, alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alimshika Prudence mashavu yote mawili.

"Ungenisikia, leo hatungekuwa na dawa! Angalia, Koko, mutoto wangu wa akili!"

"Hiyo akili ilitoka kwangu," alisema Koko. "Na iishie hapo, meno yangu asirithi."

Prudence alikwenda nyuma ya nyumba kuviosha vichupa kwa sabuni. Vifuniko vilikuwa vimekaza vizuri, na dawa haikuingiwa na hata tone la mafuta. Alisugua, akasuuza, akaviweka juu ya jiwe. Ndipo alipoona.

Nyuzi zote mbili zilikuwa nyekundu. Mawese yalikuwa yameunywesha ule mweupe rangi yake. Aliusugua tena na tena mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana, lakini rangi haikutoka. Alipandisha vichupa juu kwenye mwanga. Dawa zote mbili zilikuwa safi kama maji.

"Prudence!" mama aliita kutoka ndani. "Unajua ipi ni ya Chris?"

Bado alisikia joto la mikono ya mama kwenye mashavu yake. Mutoto wangu wa akili.

"Najua, mama."

Alichagua kimoja. Aliona kama uzi wake umepauka kidogo kuliko mwenziwe. Alimlaza Chris, akavuta kope, akaachia tone. Alingojea kelele.

Chris hakulia. Hakutoa ulimi nje. Alisema tu, "Mujusi amekwenda."

Prudence alifurahi. Alijiambia kwamba mtoto amezoea ule uchungu. Lakini mahali fulani ndani yake, penye giza, kitu kilimwambia kwamba mtoto wa miaka mitano hazoei uchungu kwa siku moja. Alikifunika kitu hicho, kama mtu anavyofunika sufuria inayochemka.

Siku iliyofuata jicho la Chris lilikuwa jekundu zaidi. Siku ya tatu aliamka akilia, akakataa kutazama mlango kwa sababu mwanga ulimchoma. Mama alipomfungua jicho, yeye na Prudence waliona. Ndani ya ule weusi wa jicho, upande mmoja, palikuwa na doa jeupe, kama chembe ya ugali.

"Yesu wangu," mama alisema. "Dawa imekuwa kidogo. Muwekee kila saa. Umesikia, Prudence? Kila saa!"

"Ndiyo, mama."

Hapo ndipo woga wa kweli ulipomshika. Woga wa risasi una mwisho, maana risasi ikinyamaza unapumua. Huu haukunyamaza. Kila saa mama alisema "Prudence, dawa," na kila saa alikwenda na kile kichupa. Hakuthubutu tena kuweka dawa ndani ya jicho. Aligeuza mgongo ili mama asione, akaachia tone kwenye shavu la Chris na kulipangusa kwa kidole.

"Umekosa jicho," Chris alimnong'oneza.

"Nyamaza."

"Lakini umekosa."

"Chris, nakuomba, nyamaza."

Mchana huohuo alimtilia Koko dawa yake. Koko alilala kimya, kisha akameza mate. Alimshika Prudence mkono kabla hajaondoka.

"Kaa kidogo. Nikuulize kitu. Dawa yangu ya Aru ilikuwa inashuka kwa koo kama maji. Leo ni siku ya tatu inashuka chungu, chungu kama kinini ya malaria. Na yule mudogo wako aliyekuwa anapiga kelele ya uchungu, siku tatu hizi simusikii." Jicho lake lililopasuliwa lilimtazama Prudence bila kupepesa. "Nani anakunywa uchungu wa nani?"

Prudence alitaka kusema hajui. Alifungua mdomo, na kilio kikatoka badala ya uongo. Alisema yote, akieleza jinsi alivyotumbukiza vichupa katika mawese, jinsi uzi mweupe ulivyogeuka, na jinsi alivyojibu "najua" bila kujua. Hata shavu la Chris hakuliacha.

Koko hakumbembeleza.

"Kamwambie mama yako."

"Koko, muambie weye."

"Mimi? Mdomo wangu una meno manne, yako yote iko. Jiwe likiingia kwa kiatu, kutembea hakulitoi. Unakaa chini, unavua kiatu. Nenda."

Mama alikuwa jikoni akikoroga uji. Prudence alizungumza huku akitazama kuni. Alipomaliza, mwiko wa mama ulikuwa umepanda hewani. Uji ulidondoka kutoka mwikoni mpaka majivuni, tone kwa tone. Kisha mama alishusha mkono.

"Mimi na weye tutazungumza nyuma, haya yakiisha. Sasa lete kitenge, nimubebe."

"Tubadilishe tu, mama? Hii ya Koko ndiyo ya Chris, maana iko chungu..."

"Koo langu hapana muganga," Koko alisema kutoka mlangoni. Alikuwa tayari amevaa viatu. "Na doa lile halikungojea ruhusa yetu. Twende kwa Jérôme."

"Kuko barieri njiani," mama alisema.

"Kuko na jicho nyumbani," Koko alijibu.

Walitembea kando ya ukuta, Koko mbele, mama katikati na Chris mgongoni akiwa amefunikwa uso, Prudence nyuma na vichupa katika fundo la kitambaa. Mji ulikuwa mtupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Milango ilikuwa imefungwa, na mbele ya duka moja viatu vya watoto vilitapakaa barabarani bila mtu wa kuviokota.

Kwenye barieri gogo la mkaratusi lilikuwa limelazwa kuvuka barabara. Mpiganaji mmoja alikaa juu yake, bunduki magotini. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu zisizochanwa. Macho yake yote mawili yalikuwa yamevimba, mekundu, na usaha umegandamana kwenye kope. Ilikuwa Apolo, ugonjwa wa macho mekundu unaoruka kutoka mtu mpaka mtu. Mji mzima ulikuwa nao.

"Simameni. Munaenda wapi?"

"Kwa muganga, papa," mama alisema. "Mutoto anagonjwa."

"Kwa fundo kuko nini?"

Prudence alifungua. Vichupa viwili vilibingirika kwenye kiganja chake.

"Ni mafuta ya kichwa," mama alisema upesi. Ulikuwa uongo waliouzoea, uongo wa kuokoa dawa.

Yule mtu alichukua kimoja, akakifungua, akanusa. Aliminya tone moja kwenye kidole.

"Mama, unanidanganya. Hii ni dawa ya macho. Siku nne mimi sioni vizuri, na weye unatembea na dawa!" Alirudisha kichwa nyuma, akavuta kope lake kwa kidole cheusi cha uchafu, akainua kichupa.

Prudence angeweza kunyamaza. Yule mtu angeweka dawa, wangepita, mambo yangekwisha. Aliona kile kichupa kikining'inia juu ya jicho la mtu mwingine, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Usiweke!"

Kichwa cha mpiganaji kilirudi chini polepole. Bunduki nayo iligeuka, ikamtazama Prudence tumboni.

"Umesema nini?"

"Nisamehe, papa. Mama alidanganya, lakini mimi sidanganyi." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya ndege. "Ni dawa ya macho. Lakini ni dawa mbili, na mimi nilizichanganya. Moja ni ya Koko, moja ni ya mudogo wangu. Hatuna hakika ni ipi. Nilimuwekea isiyo yake, ikamuharibu. Ukitaka, weka. Lakini kwanza angalia jicho lake."

Yule mtu alisogea, akainua kitenge usoni pa Chris kwa ncha ya kidole. Chris alilia kwa sababu ya mwanga. Mpiganaji alitazama lile doa jeupe muda mrefu. Kisha akafunga kichupa, akakikaza sana, akakirudisha mkononi mwa Prudence.

"Piteni," alisema. "Na muulize muganga juu ya macho yangu. Mukirudi, uniambie."

Jérôme alikuwa mtu mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa viraka. Watu walimwita docta, naye kila mara alijibu, "Mimi ni infirmier tu, muuguzi, docta alikimbia." Alimkalisha Chris mahali penye kivuli, akagusisha kope kwa kikaratasi chenye rangi ya chungwa, kisha akamulika kwa taa ndogo ya buluu. Doa liling'aa kijani.

"Ni kidonda," alisema. "Na kimekula ndani. Wiki iliyopita kilikuwa mkwaruzo tu, ulianza kupona. Muliweka nini ndani ya jicho hili?"

Mama alimtazama Prudence. Ilikuwa mara ya nne siku ile anakiri, na safari hii maneno yalitoka kwa mpangilio. Jérôme alisikiliza bila kumkata. Alipokea vile vichupa, akaviangalia, akavitupa vyote viwili ndani ya ndoo ya takataka.

"Eh! Dawa yangu ya Aru!" Koko alilia.

"Dawa isiyo na jina hapana dawa, Koko. Nitakupatia ingine." Alivuta kiti, akakaa mbele ya Prudence. "Sikia vizuri. Dawa ya Koko inatuliza uvimbe. Inafanya hivyo kwa kuwaambia walinzi wa mwili walale. Kwa jicho lake lililopasuliwa vizuri, ni sawa. Lakini jicho la Chris lilikuwa na kidonda, na adui alikuwa mlangoni. Weye ukalaza walinzi."

Prudence aliinamisha kichwa.

"Atapofuka?" mama aliuliza. Sauti yake haikusikika vizuri, ikabidi aulize tena. "Atapofuka?"

"Mungenificha, ningedhani dawa yangu imeshindwa, ningetafuta dawa yenye nguvu zaidi, pengine ileile ya Koko. Hapo ndiyo, angepoteza jicho. Sasa najua cha kufanya. Dawa ya vijidudu kila saa mpaka jioni, pomadi ya kupaka ndani ya jicho usiku, na hii moja ya kupunguza maumivu. Kila siku munaniletea nimuangalie. Sitaahidi kitu leo."

Alimwonyesha Prudence jinsi ya kufanya. Anawe mikono kwanza. Ncha ya kichupa isiguse jicho. Tone likiingia, abonyeze kwa kidole kwenye kona ya jicho, karibu na pua, akihesabu mpaka sitini, ili dawa ibaki ndani ya jicho na isishuke kooni.

"Kumbe!" alisema Koko. "Angelijua hiyo mapema, mimi ningeonja nini? Uvivu wake wa kubonyeza ndio ulitusaidia."

Hata mama alitabasamu kidogo. Kisha akauliza jambo lililomsumbua. Karatasi ya dawa ingewaita wezi, na uzi ulikuwa umewasaliti. Jérôme alifikiri. Alipasha sindano kwenye moto wa taa, akachora mistari kwenye plastiki ya vichupa vipya, mstari mmoja kwa Chris na miwili kwa Koko. Prudence alipapasa kwa kidole gumba. Hata akiwa amefumba macho aliisikia. Mafuta hayangeweza kuifuta.

"Na yule wa barieri?" Prudence aliuliza.

"Iko na Apolo? Anawe uso kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Asitumie taulo ya mwenzake, na asitie dawa ya mtu mwingine. Kila jicho jekundu lina sababu yake. Akitaka pomadi, aje hapa mwenyewe, bunduki aiache mlangoni."

Walipofika tena kwenye gogo, Prudence alimpa ujumbe wote, pamoja na ule wa bunduki. Mpiganaji alimtazama kwa macho yake yaliyovimba.

"Alisema vile? Mlangoni?"

"Ndiyo, papa."

Alivuta ncha ya gogo pembeni, wakapita.

Siku kumi walikwenda na kurudi. Mara mbili milio ya bunduki iliwafanya walale kifudifudi kwenye mtaro, Prudence akiwa amevikinga vichupa kwa mwili wake. Siku ya tano doa lilikuwa halijapungua, na usiku huo hakuna aliyekula. Siku ya saba Chris alitazama juu kwenye bati.

"Mujusi amerudi," alisema. "Iko na mutoto wake."

Mama alifunika uso kwa kitenge chake.

Shule ilipofunguliwa tena, lile doa lilikuwa limebaki kama chembe ya chumvi, pembeni mwa ule weusi wa jicho. Jérôme alisema halitaondoka kabisa, lakini mtoto ataona ubaoni. Jioni ile mama aliketi na cherehani yake, akajaribu kuweka uzi kwenye sindano. Alikosa mara mbili. Mara ya tatu uzi ulipita.

"Prudence, kaa hapa," alisema. "Nilisema tutazungumza nyuma. Sasa ndiyo nyuma."

Prudence alikaa, mikono magotini.

"Siku ile uliyoficha dawa ndani ya mawese, nilikuita mutoto wa akili. Nilikosea siku. Kila mutu anaweza kuogopa na kukosea. Hata mimi mikono yangu iliogopa. Kosa lako lilikuwa saa moja, lakini kunyamaza kwako kulikuwa siku tatu, na hizo siku tatu ndizo zilikula jicho la mudogo wako. Siku yako ya akili ilikuwa ile ya barieri, uliposema 'hatuna hakika' mbele ya bunduki. Dawa ya macho ni hivyo, mutoto wangu. Kama hujui, unasema hujui. Tone haliwezi kurudi ndani ya kichupa."

Alimpa kichupa. Prudence alikwenda kunawa mikono. Kabla ya kumlaza Koko, alipitisha kidole gumba juu ya plastiki, akahesabu mistari kwa sauti.

"Moja. Mbili."

"Hakika?" Koko aliuliza.

"Hakika," Prudence alisema, akahesabu tena.